Kuomba na Kuombewa

Ukimwuliza binamu yangu kama ana njaa, atakujibu kwanza, "Subiri." Halafu atanyamaza kidogo, kama mtu anayengoja tumbo lake lilete ripoti, ndipo aseme ndiyo au hapana. Alikuwa hivyo tangu utotoni. Ukimwambia tukimbie, mvua inakuja, yeye subiri kwanza, aliangalie wingu. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye vyeti, lakini nyumbani, shuleni na mtaani jina lililomkaa ni hilo, Subiri. Sisi wadogo tukamwongezea heshima tukamwita Dada Subiri.

Ninaandika habari zake kwa sababu msimu wa kumaliza sekondari umefika tena, na karibu kila nyumba ninayoingia naikuta imekaa kikao. Mtoto amewekwa katikati ya sebule, wakubwa wamemzunguka, na kila mmoja ana chuo chake mdomoni. Nikiona hivyo humkumbuka Dada Subiri alivyokuwa katikati ya sebule yetu, mikono magotini, akiliangalia zulia kana kwamba jibu limefumwa humo.

Mama yake ni shangazi yangu, dada wa baba. Shangazi ni dobi katika hospitali kubwa. Chumba chao cha kufulia kiko chini kabisa ya jengo, hakina dirisha la maana, na mashine zake hunguruma kutwa nzima, kiasi kwamba wafanyakazi wake huzungumza kwa kupiga kelele. Sauti hiyo Shangazi huja nayo hadi nyumbani. Akikunong'oneza siri, jirani anaipata. Huko kazini mashuka hufuliwa kwa mafungu makubwa na mashine ndizo zinazoyanyoosha, lakini sare za wauguzi hupigwa pasi kwa mkono, na kazi hiyo Shangazi hamwachii mtu. Hunyoosha ukosi, hushika mshono wa bega, huitundika sare kwenye hanga, kisha hurudi nyuma hatua kidogo aitazame. Alimlea Dada Subiri peke yake, na miaka yote hiyo ya kutazama sare zilizotundikwa alikuwa ameshaamua nani atakuja kuivaa mojawapo.

Kwa hiyo kikao chetu hakikuwa na mvutano mkubwa. Mwalimu wake wa darasa alikuwa ametuma ujumbe kwamba mtoto anaweza hesabu, aende uhasibu. Jirani alisema ualimu, kwa sababu mwalimu hakosi likizo. Baba alisema chochote atakachojaliwa. Shangazi alisema unesi, na kwa kuwa sauti yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, kikao kikaelekea kufungwa.

Dada Subiri akainua kichwa. "Subirini kwanza."

"Nisubiri nini tena?" Shangazi akamkata. "Mimi nimesubiri tangu uzaliwe."

Watu wakacheka, vikombe vikakusanywa, na ikawa imepita hivyo. Kilichonishangaza baadaye ni kwamba yeye, ambaye huuliza juu ya kila kitu, hakuuliza tena neno juu ya unesi. Hakuuliza masomo yake yakoje wala chuo kiko wapi. Aliacha jambo liende, kama mtu aliyepanda gari la watu wengine.

Ilibaki kuomba nafasi, na hapo ndipo Baba alipoingia. Baba ni mhudumu wa ofisi katika jengo moja refu. Hufungua milango asubuhi, hupeleka chai na kusambaza mafaili. Lakini katika ukoo wetu, mtu akifanya kazi mahali palipo na kompyuta, huhesabiwa kuwa na yeye ni mtaalamu wa kompyuta. Jambo lolote la mtandao huletwa kwake, naye humpelekea karani wa pale ofisini, mama mmoja mpole, ambaye hulimaliza kabla chai yake haijapoa. Dada Subiri hakuwa na simu ya maana. Waliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa ya vitufe, na vitufe vyenyewe vilikuwa vimefutika namba.

Shangazi alipiga simu akiwa kazini, mashine zikinguruma. "Kaka," alisema, "mwombee huyu mtoto chuo cha unesi. Siku zinakwisha."

Baba akamjibu kwamba atamwombea, tena ataanza siku hiyo hiyo.

Sasa, ni lazima nimweleze Baba kidogo. Baba ni mtu wa sala. Huamka alfajiri, huenda jikoni kwa sababu ndiko hamsumbui mtu, na huko humwombea kila aliyemwomba amwombee: mgonjwa, msafiri, mwenye kesi, anayetafuta mchumba. Watu humsimamisha njiani, wakamwambia, "Mzee, niombee," na yeye hasahau hata mmoja. Katika masikio yake neno hilo lina maana moja tu. Dada Subiri alipoleta bahasha yenye nakala za vyeti vyake, Baba hakuona ajabu. Alidhani wameileta ili maombi yawe na uhakika zaidi. Kila alfajiri aliiweka juu ya meza ya jikoni, akaiwekea kiganja, akaanza. Mimi mwenyewe nilimkuta hivyo nilipokwenda kunywa maji, na sikushtuka, kwa maana niliwahi kumwona akifanya vivyo hivyo na funguo za gari la jirani lililokuwa likikataa kuwaka.

Shangazi hakukaa kimya. Alikuwa akipiga simu kuulizia. "Kaka, umeshamwombea?"

"Namwombea kila siku, dada. Sijaacha hata siku moja."

Shangazi akawaambia wenzake kazini kwamba mtandao wa vyuo vya siku hizi ni balaa tupu. Kaka yake anaomba kila siku na bado haujakubali.

Majina ya waliochaguliwa yalipotoka, Dada Subiri alikwenda na wenzake kwenye duka la kompyuta. Wenzake walijiona. Yeye hakujiona, na kijana wa duka alipotafuta zaidi akamwambia kwamba hakuna maombi yoyote yaliyowahi kuingia kwa jina lake. Jioni ile alikuja kwetu moja kwa moja. Shangazi alikuwa nyuma yake, bado amevaa aproni ya kazini. Baba alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu.

"Mjomba," Dada Subiri akamwuliza taratibu, "yale maombi uliyatuma lini?"

Baba akamtazama, hajaelewa. "Kuyatuma? Maombi hayatumwi, mwanangu. Yanapaa."

Shangazi akaweka mkoba wake chini.

"Kaka. Uliniambia umemwombea."

"Nimemwombea."

"Kwenye kompyuta?"

"Jikoni."

Leo tukikumbushana habari hiyo tunacheka mpaka tunashikana mabega. Siku ile hakuna aliyecheka. Shangazi alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango, kile ambacho huwa hatukikalii kwa sababu mguu wake ni mbovu, akafunika uso kwa aproni. Baba alikwenda jikoni akarudi na ile bahasha, akaishika kwa mikono miwili, hajui amkabidhi nani. Mlango wa vyuo ulikuwa umeshafungwa hadi mwaka mwingine, na mwaka mzima wa mtoto ulikuwa umekwenda na neno moja. Mimi nilimtazama Dada Subiri nikitegemea machozi. Hakulia. Niliona mabega yake yakishuka polepole, kama ya mtu aliyetua ndoo. Wakati ule sikuelewa alikuwa ametua nini.

Kesho yake Baba alimchukua wakaenda pamoja kazini kwake, wamwulize karani kama hakuna dirisha lolote lililobaki wazi. Waliingia kwenye lifti wakiwa wawili tu. Katikati ya safari lifti ikatikisika, ikaguna, ikasimama, na taa ikazimika. Habari hii Dada Subiri huisimulia vizuri kuliko mimi. Baba, gizani, alianza kusali kwa sauti. Dada Subiri alimwacha aendelee kidogo, kisha akamwambia kwa adabu, "Mjomba, endelea kuomba, lakini bonyeza na hiyo kengele."

Baadaye walisikia vyuma vikigonga juu yao, mlango ukasukumwa kwa mkono, na mwanga wa tochi ukaingia. Aliyeshika tochi alikuwa fundi wa lifti wa jengo lile, mzee mfupi mwenye masharubu na mzaha mwingi. Baba alitoka upesi, akashukuru, akaapa kwamba kuanzia siku hiyo ni ngazi tu. Dada Subiri alitoka nusu, akabaki ameegemea, akatazama juu kwenye lile pango lenye giza, kamba za chuma zikining'inia. Akauliza kilichoisimamisha ni nini. Fundi akamwambia kuna mlango wa ghorofa ya juu haukufunga sawasawa, na lifti ikihisi mlango haujafunga, inakataa kwenda. Dada Subiri akauliza, inahisi kwa kitu gani?

"Unaitwa nani wewe?" Fundi akamwuliza.

"Subiri."

"Haya, nasubiri. Unaitwa nani?"

Karani alithibitisha kwamba vyuo vimeshafunga. Alipotoka kwake, Dada Subiri hakuteremka kwa ngazi na Baba. Alipanda hadi juu kabisa, kwenye chumba cha mashine, akamkuta Fundi anakula, akamwuliza lile swali lake upya. Na kesho yake akarudi tena. Msaidizi wa Fundi alikuwa amehama kazi, na Fundi mwenyewe hakuwa na nguvu tena za kuinama kila mahali, kwa hiyo baada ya kuzungumza na wakubwa wake alimruhusu awe anakuja kujifunza, kwa sharti kwamba asiguse kitu bila kuambiwa.

Shangazi alikasirika. Kwa muda mrefu hakusema na Baba. Salamu zilipitia kwangu. "Mwambie baba yako sijambo," alikuwa akiniagiza, "lakini asiniombee." Kazini kwake, walipomwuliza habari za binti, alisema anasubiri chuo, na kuhusu lifti hakusema lolote.

Nilimtembelea Dada Subiri mara kadhaa mwaka ule, na jambo lililonivutia ni utaratibu wao kabla ya kazi. Fundi alizima swichi kuu, akaipiga kufuli lake mwenyewe, ufunguo akautia mfukoni mwake. Kisha alijaribu kuiwasha lifti, kuhakikisha kwamba kweli imekufa. Kisha alisimama tu, mikono nyuma. Hakusema kitu, na Dada Subiri hakusema kitu, wote wawili wakisikiliza. Nilipouliza wanangoja nini, Fundi alinieleza kwamba umeme ukishazimwa vipo vitu vinavyobaki navyo kwa muda, na chuma kizito hakitulii mara moja. Kazi ile, alisema, wenye haraka haiwapendi. Kisha akamgeukia msaidizi wake. "Huyu nilimpata ameshafundishwa. Wengine huwa nawafundisha jina lake mwaka mzima."

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kumwelewa binamu yangu. Kitu ambacho nyumbani tulikifanyia mzaha, na ambacho kwenye kikao kilimfanya apitwe na mazungumzo, pale kilikuwa ndiyo kazi yenyewe.

Lakini sitaki mtu afikiri kwamba chuo kilisahauliwa. Fundi mwenyewe ndiye aliyekirudisha. Msimu wa kuomba ulipokaribia alimkalisha chini akamwambia kweli: bila cheti kampuni haitamwandika kazi, na mwenye kufuli atakuwa mtu mwingine siku zote. "Utabaki kunishikia tochi," alimwambia, "na mimi nikistaafu utamshikia mwingine." Kulikuwa na chuo cha ufundi kilichofundisha umeme na mitambo, na kilikubali watu walio kazini wasome kwa zamu. Kwa upande mwingine, Shangazi alikuwa ameshaulizia unesi upya, safari hii kwa kumwuliza muuguzi mkuu mwenyewe uso kwa uso. Nafasi ilikuwepo. Dada Subiri alikuwa na njia mbili mbele yake, na angeweza kuomba moja tu.

Alilikalia jambo hilo wiki nzima bila kumwambia mama yake. Kilichomlazimisha kusema ni lifti ya hospitali, ile inayopandisha mashuka. Ilikufa, na Shangazi na wenzake wakawa wanapandisha mafurushi kwa ngazi, migongo ikiwauma. Kampuni ya Fundi ikaitwa, naye akaja na msaidizi wake.

Mmoja wa wale wanawake alimwona msichana aliyevaa ovaroli akiingia na sanduku la vifaa. Akamgusa Shangazi kiwiko. Yule si binti yako anayesubiri chuo? Shangazi alimaliza kukunja shuka alilokuwa nalo, akalikunja zaidi ya lilivyohitaji, kisha akaenda kusimama mbele ya lifti. Fundi alikuwa ameshapanda juu, na Dada Subiri alikuwa ameachwa chini alinde mlango, asije mtu akausogelea.

Basi mazungumzo waliyoyakwepa mwaka mzima wakayafanya pale, wamekaa juu ya mafurushi ya mashuka, kwa kupiga kelele kwa sababu ya mashine. Shangazi alimwambia kwamba nafasi ya unesi ipo na muuguzi mkuu anangoja jina. Alimwambia amezipiga pasi sare za watoto wa watu mpaka anaijua kila moja na mwenyewe wake, huyu bega limeshuka, huyu anaminya ukosi. "Nilitaka siku moja niipige pasi yako," alisema. "Ni hilo tu. Siku ya kwanza ukienda, uwe umevaa kazi ya mkono wangu."

Dada Subiri, ambaye hapandishi sauti, alijaribu kumjibu. Mama yake hakusikia. Alijaribu tena, kwa nguvu zaidi. Mara ya mwisho alivuta pumzi akapaza sauti kama wanavyofanya wenyeji wa pale, na ikawa mashine kubwa imefika mwisho wa mzunguko wake na kunyamaza.

"Mama, damu siiwezi!"

Chumba kizima kikasikia. Yule mwanamke wa kiwiko akajifanya anatafuta sabuni.

"Huiwezi tangu lini?" Shangazi aliuliza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, nasikia, aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tangu zamani. Nikiiona nakaa chini. Shuleni nilikuwa nakaa chini."

"Na hukusema?"

"Hamkuniuliza, Mama." Akafikiri kidogo. "Subiri. Hata mimi sikujiuliza. Mjomba alipokosea ndipo nilipopata nafasi ya kujiuliza."

Fundi alipiga kelele kutoka juu kwamba tayari, kufuli likafunguliwa, swichi ikawashwa, taa ya kitufe cha lifti ikawaka. Shangazi aliinuka, akapakia mafurushi yake ndani, akaingia nayo, mlango ukajifunga. Dada Subiri anasema hajawahi kuingoja lifti kwa muda mrefu kama alivyoingoja siku ile. Iliporudi, Shangazi alitoka akifuta mikono kwenye aproni.

"Inatetemeka kidogo pale juu," alisema.

Fundi, aliyekuwa ameshateremka, akamwambia, "Mama, hiyo ni kawaida, lifti yenyewe ya siku nyingi." Lakini Dada Subiri alikuwa ameshainua sanduku lake. "Subiri," alimwambia Fundi, "twende tukaangalie." Walizima tena, wakafunga kufuli, wakangoja, na kweli kilikuwepo kipande kimoja kinachoshika reli inayoiongoza lifti ambacho kilikuwa kimelegea.

Siku ya kuomba nafasi ilikuwa Jumamosi. Ofisi ilikuwa tupu. Karani alikuwa amekuja kwa hisani yake, akawasha kompyuta na kusogea pembeni ili mwenyewe akae. Mimi nilikuwepo. Baba alikuwa amefika jasho linamtoka, maana lile neno lake la ngazi alikuwa bado analishika. Alisimama nyuma ya kiti akiwa hajui aweke wapi mikono. Tangu mkasa ule, neno lenyewe lilikuwa limemtia woga, na alipolisema alilisema kwa kulitafuta, kama mtu anayekanyaga ubao asiouamini.

"Mwanangu. Je, nikuombee?"

Dada Subiri alimgeukia. "Niombee, Mjomba. Kuomba nitaomba mwenyewe."

Akajaza jina la chuo cha ufundi. Akajaza umeme na mitambo. Alipofika kwenye kitufe cha kutuma tulishusha pumzi sote, na yeye akaondoa mkono. Subiri. Akarudi mwanzo akasoma tena yote, herufi kwa herufi, sisi tumesimama. Ndipo akabonyeza.

Wakati huo huo simu ya Baba ikalia, na mngurumo wa mashine ukajaa ofisi kabla ya sauti yenyewe kufika.

"Kaka! Ameomba au ameombewa?"

Baba akamtazama mpwa wake, akamtazama karani, kwanza ahakikishe.

"Yote mawili, dada," akasema.

Alipata nafasi. Asubuhi ya siku yake ya kwanza chuoni nilikwenda kumsindikiza, nikamkuta amesimama katikati ya chumba, mikono mbali na mwili, hathubutu kukaa. Alikuwa amevaa ovaroli, ile ile ya kazini yenye alama za grisi zisizotoka, lakini ilikuwa imepigwa pasi namna ambayo sijawahi kuona ovaroli ikipigwa. Ukosi ulikuwa umesimama. Mstari wa suruali ulikuwa umenyooka kutoka kiunoni hadi kwenye kiatu. Nikamwambia huko anakokwenda watamcheka.

"Wacheke," alisema Shangazi, akirudi nyuma hatua kidogo ili amtazame vizuri. Kisha akasogea tena, akamshika mshono wa bega, akaunyoosha.